Ufunguo wa Tatu

Fundi wa funguo za magari pale Korogwe hukohoa kidogo kabla ya kuchomeka mashine yake chini ya usukani, kama anayebisha hodi. Ana vidole vinene, lakini kioo cha mashine hukibonyeza kwa ncha ya ukucha, na gari huliuliza kwa upole: "Unamkataa nani leo, mama?" Bi Hafsa, aliyetoka Kang'ata na mumewe, gari lao lililogoma kuwaka likivutwa kwa kamba, angecheka kama si fundo alilofunga kwenye kanga yake.

"Mzee wangu, nalifundisha gari upya," fundi alisema. "Nipe funguo zote. Usiokuwepo hapa, litausahau."

"Ni hizi mbili tu," mume alijibu.

"Gari linasema tatu."

"Wezi hao! Ndiyo maana mafuta hayakai! Futa huo wa tatu, fundi!"

Fundi hakufuta. Alipangusa mikono isiyo na uchafu, kidole baada ya kidole, akitazama barabarani kama mtu mwenye siku nzima. Bi Hafsa alifikiria miezi minne ya kujifunza kuendesha kwa siri, mume akiwa shambani. Akafungua fundo, akaweka ufunguo juu ya boneti.

"Hafsa! Tangu lini?"

"Tangu uliposema mwanamke hawezi kurudisha gari nyuma."

Mashine ililia mara tatu. Fundi akamkabidhi Bi Hafsa ufunguo wake kwa mikono miwili, kisha akamgeukia mumewe. "Mzee wangu, hebu pisha hapo nyuma ya gari."