Majembe Yaliyoruka Shamba Letu

Nilipokuwa mtoto kule Mbooni, miaka ya sabini, walikuwapo watu waliozunguka hadi mtoni ili wasikanyage udongo wa shamba letu. Walidai marehemu babu aliapa uongo kwa kithitu katika kesi ya mpaka, na kiapo hicho humaliza uzao wa aliyedanganya. Basi ndugu yangu Muthama alipovimba taya, majirani hawakuuliza ni ugonjwa gani. Jibu walikuwa nalo.

Mama alilazwa naye hospitalini Nairobi. Daktari alionya kwamba sindano zikikatizwa, uvimbe utarudi na nguvu zaidi. Baba alikuwa mbali, kazini kwenye reli. Shamba lilibaki kungoja mwethya, kikundi cha majirani waliolimiana kwa zamu, na zamu yetu ilikuwa imefika.

Susu, nyanya yangu, alipika sufuria kubwa ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, wa kuwalisha. Tukangoja. Jua lilipofika utosini tukawasikia wakiimba ng'ambo, katika shamba la jirani aliyetufuata kwa zamu.

Susu alinishika mkono tukawaendea. Kiongozi wao, Kilonzo, mzee wa kanisa letu, hakusimamisha hata jembe.

"Mama, sisi pia tuko na watoto," alisema. "Hiyo mchanga yenu siwezi weka jembe."

"Mkituruka, mama yake Muthama atarudi kulima. Akirudi, huyo mtoto atakufa."

"Hiyo si sisi. Ni kithitu."

Mimi na Susu tulilima kipande tu, mgongo wake ukakataa. Mama akarudi, maana tungekula nini? Alirudi na Muthama, akawa akimlaza kivulini huku akilima. Mvua ilinyesha vizuri. Muthama alikufa kabla mahindi hayajakomaa.

Siku ya mazishi walikuja wote, majembe mabegani, wakiimba. Walianza kuchimba kaburi pembeni mwa shamba lile lile.

"Kilonzo," Susu akauliza, "leo hii mchanga haiui?"

Kilonzo aliinama akaendelea kuchimba.

Sijui kama babu aliapa uongo, na sitaki kujua. Nawachukia mpaka leo, na mahubiri ya kusamehe yananipita. Lakini nikisikia jirani amelazwa na mtoto, huchukua jembe nikaenda kumlimia bila kuitwa. Watu husema nina roho nzuri. Hawajui kwamba kila nikiinua jembe, ninamwona Kilonzo.