Koti la Babu lilivyomfanya Bibi amnunie marehemu

Wakuu, salaam kwenu.

Sogeza kiti, wewe unayesoma huku chai inapoa. Nataka unisikilize vizuri, maana kisa hiki kina kosa langu mwenyewe na sipendi kulirudia mara mbili. Chumvi sijaongeza. Palipohitaji chumvi, Bibi yangu aliiweka mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Ujiji. Babu yangu mzaa mama alikuwa mfanyabiashara wa dagaa na mawese hapa hapa. Bibi ni Muha wa Kalinzi, aliolewa akashuka ziwani na hajapanda tena ila kwa misiba na harusi. Babu alifariki zamani. Kila mwaka tunamsomea hitma, na Bibi, pamoja na uzee wake wote, haruhusu mtu mwingine ashike mwiko wa pilau ya siku hiyo.

Sebuleni kuna picha moja tu ya Babu. Amesimama peke yake, koti la mistari, kitambaa mfukoni, na kifungo cha katikati hakipo. Sisi wajukuu tumekua tukiamini Babu alikuwa mtanashati.

Mwaka jana, kama wiki tatu kabla ya hitma, kioo cha fremu kilipasuka. Nikaitoa picha ili nikabadilishe kioo. Nyuma yake nikakuta picha nyingine.

Mwanamke kijana amekaa kwenye kiti, amepakata mtoto mchanga. Pembeni amesimama mwanaume. Uso wa mwanaume umeliwa na unyevu, umebaki kama wingu. Ila koti, wakuu, ni lile lile. Mistari ile, kitambaa kile, kifungo cha katikati hakipo.

Na mwanamke si Bibi.

Sasa hapa mtu mwenye akili angefanya nini? Angekaa kimya, atafakari. Mimi nilipiga picha kwa simu nikaitupia kwenye group la familia, nikaandika: "Babu alikuwa na nyumba ndogo, jamani." Nikaweka na vikatuni vya kucheka.

Ndani ya nusu saa tulikuwa na mjomba mpya, jina tu ndilo halijapatikana. Binamu mmoja wa Dar alishaanza kuuliza kama urithi utagawanywa upya. Urithi wenyewe ni nyumba ya vyumba vitatu na mnazi mmoja.

Mama mdogo, kwa nia njema kabisa, akamwonyesha Bibi simu.

Bibi hakuwa amevaa miwani. Kitu alichokiona ni koti. Akairudisha simu, akaendelea na kazi zake hadi adhuhuri. Kisha akasema maneno ambayo mimi sitayasahau:

"Nguo zote za mume wangu nimezifua kwa mikono hii. Koti hilo sijalifua hata siku moja. Basi lilikuwa na pa kufuliwa."

Akaongeza kwamba aliwahi kumuuliza Babu kuhusu hilo koti, Babu akajibu kwamba la kuazima. Wakati ule alimwamini.

Nikamletea picha yenyewe aitazame vizuri. Akageuza uso. Fremu ya Babu akaamuru iwekwe uvunguni, kifudifudi. Na kuhusu hitma akasema tusome tukitaka, yeye hapiki. Apike yule aliyekuwa anafua.

Msicheke sana. Nami nilicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, anaizungusha pete kidoleni, na kicheko kikanitoka mwilini. Mwanamke amemlilia mumewe miaka yote hiyo, halafu mjukuu mwenye bando anakuja kumwambia kumbe hakuwa analia peke yake, kuna mke mwenza anayelia kwingine.

Nikajua lazima niupate ukweli kabla ya siku ya hitma, uwe mtamu au mchungu. Mpishi nisingekosa. Nilichoogopa ni Bibi kuondoka duniani akiwa amemnunia mtu asiyeweza kujitetea.

Kitu pekee nilichokuwa nacho ni koti. Nikachukua picha zote mbili nikaenda Mwanga, sokoni, kwa mafundi cherehani. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nikimpata aliyelishona, atakuwa anajua lilikaa nyumba gani.

Fundi wa tatu, mtu mzima kiasi, aliziweka picha mbili sambamba juu ya meza. Akachukua utepe wa kupimia, akaurudisha shingoni bila kuutumia.

"Hawa si mtu mmoja," akasema.

Nikamwonyesha kifungo. Akanionyesha mikono. Naomba nieleze taratibu, maana ndipo kisa kilipo. Kwenye picha ya ukutani, koti limeishia juu sana ya kifundo cha mkono wa Babu. Babu alikuwa mrefu. Kwenye picha ya pili, mikono ya koti hilo hilo imefunika vidole nusu. Yaani koti moja, lakini wanaume wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi.

Nimekula na kulala chini ya picha ya Babu tangu utoto, na sijawahi kuona kwamba lile koti lilikuwa linambana kama kaptula ya mdogo wake.

"Hata baba yangu ana picha na koti hili," fundi akaniambia. "Nenda kwa mwenyewe, anaishi Ujiji kwenu huko, unatembea mbali bure."

Mwenyewe alikuwa mzee aliyekuwa na studio ya picha enzi hizo. Vijana wa siku hizi hamlijui hili, kwa hiyo nivumilieni. Zamani mtu hakupigwa picha na shati la kushindia. Studio ilikuwa na koti lake, limetundikwa kwenye msumari. Unaingia, unavaa, unapigwa picha, unavua, anavaa anayefuata. Likiwa kubwa linabanwa mgongoni na vibanio vya nguo. Likiwa dogo, unavuta pumzi.

Nikamwamkia, nikampa picha. Akacheka mpaka akakohoa.

"Nusu ya mababu wa mji huu nimewavisha mimi," akasema. "Mnawaita watanashati."

Nikamuuliza watu wa picha ya pili ni akina nani. Hakuwakumbuka, ila alijua picha yenyewe ni ya aina gani. Ilikuwa miaka ile wakimbizi walipovuka kutoka Burundi, wengine kwa miguu kupitia Kagunga, wengine kwa mitumbwi usiku na mchana. Wengi walipokelewa majumbani mwa watu. Baadaye yakaja malori ya kuwapeleka kwenye makazi ya bara, huko Tabora na Mpanda, na waliambiwa muda mfupi tu kabla. Basi walikuwa wanakuja studio, wanapigwa picha, wanachukua nakala mbili. Moja ya safari, moja ya kuaga.

Nikamuuliza, kuaga kwa picha ndiyo nini, si wangeaga kwa mdomo?

Mzee akanitazama kwa huruma. "Aliyekuwepo walimpa mkono. Picha ilikuwa ya yule ambaye hawakumkuta."

Nilirudi nyumbani karibu mbio. Nilimkuta Bibi anachambua mchele wa chakula cha mchana, nikakaa chini, nikamweleza kila kitu: mikono ya koti, studio, vibanio. Aliendelea kuchambua. Ila nilipofika kwenye malori, mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Lete hiyo picha," akasema. "Na miwani."

Akaitazama muda mrefu. Akampita mwanaume, akampita mtoto, akatulia kwenye uso wa mwanamke.

"Spesioza," akasema.

Kisha akaniambia. Spesioza na mumewe walikaa chumba cha uani miezi kadhaa. Alifika mjamzito. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo walielewana tangu siku ya kwanza, hata kugombana waligombana vizuri. Mtoto alizaliwa kitandani kwa Bibi, Bibi ndiye aliyempokea. Halafu mama yake Bibi akafariki Kalinzi, Bibi akapanda msibani. Aliporudi, chumba cha uani kilikuwa kitupu, kimefagiwa.

Babu akamwambia wamechukuliwa na lori. Basi. Picha, bila shaka, aliipokea yeye, akaihifadhi kwenye fremu pekee iliyokuwepo ili isijikunje, na kwa jinsi alivyokuwa, akasahau kuisema.

Miaka yote hiyo Bibi aliamini Spesioza aliondoka bila hata kumwachia neno. Hakuwahi kulitaja jina lile mbele yetu. Mimi na umri wangu huu ndiyo kwanza nilikuwa nalisikia.

"Kumbe aliniaga," akasema. Akarudia tena, polepole.

Nikamtoa Babu uvunguni. Bibi akamfuta vumbi kwa ncha ya kanga, akamtazama usoni. "Wewe mwanaume huna siri," akamwambia. "Umeninyima salamu yangu kwa uvivu tu."

Hitma alipika, mwiko mkononi, na alinung'unika kuanzia kitunguu cha kwanza hadi sahani ya mwisho. Fremu sasa ziko mbili.

Nilichojifunza, wakuu: picha ya zamani haisomwi kwa nguo. Nguo ilikuwa ya studio. Soma mikono, soma uso, halafu mpe mkubwa wa nyumba aitazame kabla ya group. Mwenye kisa cha koti la studio kwao aweke hapa chini, najua hatuko peke yetu. Na wale wa "weka picha tuone", Bibi kakataa, anasema mmeshaharibu vya kutosha.

Lakini kuna jambo moja nawaomba kwa dhati. Yule mtoto mchanga ni wa kike. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki, lakini walimpa jina la Bibi yangu, Mwamvua. Leo ni mama wa miaka hamsini na kitu, pengine yuko Tabora, pengine Mpanda, pengine alirudi Burundi.

Kama una mama, shangazi au jirani anayeitwa Mwamvua, mwenye asili ya Burundi na rozari shingoni, muulize alizaliwa wapi. Akisema Ujiji, mwambie anatafutwa, kisha niandikie PM leo leo.