Uliza Mko Wangapi kwenye Mashine

Mwanangu, wewe unayesoma haya ukitafuta kazi, iko siku moja ambayo imekataa kunitoka kichwani, na naanza nayo kwa sababu kosa langu lilianza hapo. Ilikuwa saa saba mchana, saa ya chakula, huko Industrial Area, Nairobi, ndani ya kibanda cha Mama Atieno. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, nimevaa ovaroli ya buluu, na nilikuwa nampigia ndugu yangu kelele mbele ya watu.

Ngoja nikueleze tulivyokuwa tukiishi. Barabara moja ilitenganisha viwanda viwili, na vyote viwili vilitengeneza kitu kimoja, waya na misumari. Wa upande mmoja tulivaa buluu, wa upande wa pili walivaa kijani. Mimi nilikuwa buluu, kazi yangu kufunga misumari kwenye pakiti. Wafula, ndugu yangu mdogo, alikuwa kijani, kwenye mashine ya kuvuta waya. Mimi nilipanga Kawangware, upande wa Riruta. Yeye alipanga Mashimoni, Kibera, pamoja na mke wake na mtoto wao Nekesa, ambaye alikuwa bado hajaanza kutambaa. Asubuhi nilipitia kwake, tukaingia njia ya reli kwa miguu na umati wote unaotoka Kibera kwenda viwandani, halafu tukaachana pale barabarani, mimi geti hili, yeye geti lile.

Katika kibanda cha Mama Atieno palikuwa na mabenchi mawili. Hakuna mtu aliyetuamuru, lakini buluu tulikaa benchi moja na kijani wakakaa la pili, na tulitukanana kama watu wa timu za mpira.

"Nyinyi kijani bado mnalipwa kwa maharagwe?"

"Afadhali sisi tupo. Nyinyi mnafutwa kama chaki."

Tulicheka sana. Lakini tulikuwa na mwiko mmoja: hakuna aliyesema analipwa pesa ngapi. Ungesema tunawashinda, ukaishia hapo. Karatasi ya mshahara ilikunjwa ikaingia ndani ya soksi, na wengine hata wake zao hawakuiona. Tulidhani hiyo ndiyo heshima ya mtu mzima. Nikikumbuka leo, nataka kujipiga kofi.

Wiki hiyo meneja wetu alikuwa amepanda juu ya mbao za kubebea mizigo, pale uwanjani, akatuambia kwamba tumewashinda majirani zetu kwa mauzo, tena kwa watu wachache kuliko wao. Tukapewa soda na fulana. Tukapiga makofi. Nami nilipiga makofi mpaka mikono ikawaka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Basi siku hiyo kibandani, kichwa kikiwa bado kimejaa yale makofi, nilivunja mwiko. Nilitoa karatasi yangu ya mshahara nikaiweka mezani mbele ya Wafula.

"Soma," nikamwambia. "Hata mimi wa kufunga pakiti nimekupita. Na mtu wa mashine yako kwetu anapata wako na nusu juu yake. Mwanaume mzima, una mtoto, unakaa huko kijani unangoja nini?"

Benchi letu likacheka. Wafula aliisoma ile karatasi polepole. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akaniuliza, "Dada, sisi tuko watatu kwenye mashine moja. Kwenu mko wangapi?"

Mwanangu, hilo swali nimelibeba tangu siku hiyo. Jibu nililijua. Nilipita kando ya mashine hiyo kila asubuhi nikienda mahali pangu. Ilikuwa na mtu mmoja. Wenzake wawili walikuwa wamesimamishwa miezi mingi kabla, na nilikuwa nimesahau hata majina yao. Nikamjibu ndugu yangu, "Unauliza habari ya watu, wewe? Uliza pesa."

Mama Atieno alikuwa anapakua. Aliacha mwiko ndani ya sufuria akanitazama. Alikuwa anakaa Kisumu Ndogo, hukohuko Kibera, na kila siku alikuja na kurudi na sufuria zake.

"Nyathina," akasema, yaani mtoto wangu, "mimi shule sikuenda. Lakini hii sufuria inanifundisha. Zamani nyinyi buluu mlikuwa mnanimalizia sufuria mbili za maharagwe. Siku hizi hata moja inabaki, narudi nayo nyumbani watoto wanakula mpaka wanaichukia. Sasa niambie lori zenu. Zamani nilikuwa navuka hii barabara vile nataka. Leo nasimama na chai mkononi lori zenu zinapita tu, zinapita tu, mpaka chai inapoa. Watu wamepungua. Lori zimeongezeka. Hiyo kazi ya wale walienda, nani anaifanya?"

"Mama, sema tu biashara imekuwa mbaya," nikamjibu.

Buluu wote wakacheka, na hata kijani wachache. Yeye hakucheka. Alipangusa meza, akarudisha karatasi yangu mkononi mwangu, akamwambia Wafula kwa sauti ya chini, "Baba, wewe usiende."

Alienda. Mimi ndiye niliyeongea na msimamizi wetu, mimi ndiye niliyempelekea ovaroli ya buluu nyumbani kwake Mashimoni. Mshahara wa kwanza alinunua godoro. Wa pili alinunua nyama ya kutosha, akaniita, tukala mpaka usiku ukaingia, na mke wake akanishukuru. Nilikuwa nimekaa kwenye hilo godoro nikishukuriwa.

Mashine ya kuvuta waya, kwa asiyeijua, inapokea waya mnene upande mmoja na kuutoa mwembamba upande wa pili, ukijizungusha kwenye pipa la chuma. Kwa kijani, mtu mmoja alilisha waya, wa pili alisimama kwenye pipa, na wa tatu alisimama kwenye swichi, macho kwa wenzake, kazi yake kuzima tu. Ukitazama kutoka ofisini, huyo wa tatu anaonekana kama mtu wa bure. Anasimama siku nzima hafanyi kitu. Kwetu Wafula alikuwa wote watatu. Alilisha, akakimbia kwenye pipa, na swichi ilikuwa mbali na mkono wake.

Sitaeleza mengi. Waya ulimshika kiganja ukamvuta kwenye pipa. Mimi nilisikia mashine ikibadilisha sauti, nikajua kabla sijafika. Hapakuwa na mtu kwenye swichi. Aliyekuja kuizima alikimbia kutoka mlango wa pili.

Meneja alisema Wafula alizembea. Alisema hivyo akinitazama machoni, na karatasi aliyotaka nitie sahihi ilikuwa imeandikwa hivyohivyo. Sikutia. Lakini sikusema neno pia, na ukimya wangu wa siku hiyo bado unanichoma. Mtu anayefanya kazi ya watu watatu, akikosea mara moja, anaitwa mzembe. Kwenye fulana zetu walikuwa wameandika kwamba sisi ni bora.

Matanga tulikaa Mashimoni, nje ya nyumba yake, kwenye viti vya kuazima. Buluu walikuja. Kijani walikuja, maana alikuwa wao kabla hajawa wetu. Hapakuwa na nafasi ya mabenchi mawili, kwa hiyo watu walikaa wamechanganyika, goti kwa goti. Mama Atieno alileta chai ndani ya ile sufuria yake kubwa. Alinipa kikombe changu, akakaa karibu nami. Hakusema, "Nilikuambia." Ningependa angesema.

Ilipofika saa ya mchango wa kusafirisha mwili kwenda Bungoma, mzee mmoja wa kijani alisimama. Aliinama, akatoa karatasi ya mshahara kwenye soksi, akaikunjua mezani kando ya beseni la mchango.

"Nimetoa kidogo," akasema, "na sitaki mseme ni roho mbaya. Tazameni wenyewe."

Halafu mtu wa buluu akatoa yake. Halafu mwingine. Muda mfupi meza ilijaa karatasi za pande zote mbili, na tukaanza kuulizana mambo ambayo hatukuwahi kuulizana. Ndipo tukajua. Kijani walikuwa wanaambiwa na meneja wao, "Tazameni majirani, mtu mmoja kwa mashine, nyinyi ni wavivu," na tayari mtu wa tatu alikuwa ameanza kuondolewa. Sisi buluu tulikuwa tunaambiwa, "Nyamazeni, majirani wanalipwa kidogo kuliko nyinyi." Wakubwa walikuwa wanatulinganisha kila siku. Kila mmoja alimtumia mwenzake kutuziba mdomo. Sisi tu ndio tuliokuwa tumekatazana kulinganisha, tena bila kukatazwa na mtu.

Na ule mshahara niliomtangazia ndugu yangu nao ulionekana ulivyo. Kazi ya watu watatu, mshahara wa mtu mmoja na nusu. Ile sehemu iliyobaki ilikuwa imetoka getini ndani ya malori, na mimi nikapewa soda niipigie makofi.

Tulipotoka kuzika, tulikaa kibandani bila kuangalia rangi ya ovaroli, tukakubaliana. Jumatatu iliyofuata hakuna mtu wa buluu wala wa kijani aliyekubali kuwasha mashine ya waya isiyo na watu watatu. Siku tatu mashine zilikaa kimya pande zote za barabara. Siku ya nne, kwetu, wakubwa wakarudisha mtu wa pili. Wa tatu hawakumrudisha, na mimi pamoja na wengine kadhaa tulionyeshwa geti. Mke wa Wafula alirudi kwao, na alipoolewa tena, mtoto akaletwa kwangu Kawangware.

Nakuambia haya yote leo kwa sababu ya mtoto huyo. Nekesa sasa ni mwanamke mzima, anafanya kazi kwenye kiwanda cha matangi ya plastiki. Juzijuzi aliingia nyumbani na furaha, akaniwekea simu mbele ya uso.

"Shangazi, cheki hii. Wameweka kampuni zetu zote za matangi kwa listi. Mshahara, idadi ya watu, mauzo. Ona hii ya kwanza. Ndio imeniita kazi. Naanza Jumatatu."

Nilivaa miwani nikasoma. Kampuni ya kwanza ilikuwa na mauzo makubwa kuliko zote, mshahara mkubwa kuliko wote, na watu wachache kuliko wote. Mwandishi aliisifu. Alisema imepunguza wafanyakazi kwa busara. Niliing'ang'ania ile simu, na Nekesa akadhani ni furaha. Ilikuwa hasira, mwanangu. Nilikuwa natazama safu ya idadi ya watu, na ndani ya kule kupungua nilimwona ndugu yangu. Hakuna aliyeandika kwamba yumo.

"Baba yako aliniuliza swali moja nikamficha jibu," nikamwambia. Sikuwa nimewahi kumweleza. Nilimweleza yote, na makofi, na godoro. Alilia, halafu akanikasirikia, na alikuwa na haki. Siku mbili hakuniita shangazi.

Siku ya tatu hakusema anaenda wapi. Alirudi jioni, akavua viatu, akakaa.

"Nilikuwa kwa geti yao," akasema. "Kuna mathee, mama fulani, anauza chapati. Nimemuuliza. Ananiambia siku hizi anapika nusu ya unga, na bado anachelewa kufika nyumbani kwa sababu foleni ya lori imeziba barabara."

"Halafu?"

"Halafu nikapiga ofisini. Nikawauliza, mashine yangu itakuwa na watu wangapi? Yule wa simu ananiambia, 'Madam, unataka kazi ama hutaki?' Nikamwambia nataka, ndio maana nauliza. Akakata."

Hakuenda Jumatatu. Amebaki alipo, kwa mshahara mdogo, na anajua kwamba hata hapo alipo wanaweza kuamka kesho wakamwondoa mwenzake wa swichi. Kwa hiyo sasa anaulizana na wenzake wa viwanda vile vingine, anaandika mashine ipi ina watu wangapi, na karatasi yake ya mshahara anaionyesha kwa yeyote anayetaka kuiona. Kwenye soksi anaweka miguu tu.

Basi sikia, wewe unayetafuta kazi au unayetaka kuhama. Sikukatazi kufuata mshahara. Njaa naijua, na kodi ya nyumba naijua. Lakini ukiona kampuni inalipa kuliko jirani yake, usirukie. Uliza mko wangapi kwenye mashine, na walikuwa wangapi kabla yako, na walienda wapi. Tazama malori yanayotoka getini uone kama yanapungua pamoja na watu, au watu peke yao ndio wanaopungua. Usiulize ofisini kwanza. Muulize anayewapikia. Na mshahara wako usimfiche mwenzako, kwa sababu aliyeko juu anaujua wako na wake, na anafurahi nyinyi msipojuana. Na mtu akikuuliza swali ambalo jibu lake unalijua, mjibu, hata kama watu wanacheka.

Mungu akupe kazi ya mikono yako, na akupe mtu wa kusimama kwenye swichi akikutazama. Akurudishe nyumbani kila jioni na vidole vyako vyote kumi, ukute walio wako wakikungoja, na wewe uwe miongoni mwa wanaohesabiwa.