Kufuli Tatu za Mama, Jina Moja la Dokta

Admin, jina langu lifiche, ila kijiji kiache kama nilivyokiandika. Huyo ninayemsema akisoma ajue ni mimi.

Nina miaka 34, sijaolewa, kwetu ni Kinampanda, Iramba. Nafundisha kompyuta kwenye chuo kimoja hapa Singida mjini huku nasomea shahada ya uzamivu. Nimebobea kwenye usalama wa kompyuta, yaani kuzuia wezi wasiingie kwenye taarifa za watu. Msimamizi wangu wa masomo nitamwita Dokta.

Kijijini mama yumo kwenye kikundi cha akina mama. Sanduku lao la akiba lina kufuli tatu, na funguo wanashika wanawake watatu wa nyumba tofauti. Asipofika mmoja halifunguki, hata ulie. Na mwenyekiti hagusi ufunguo hata mmoja! Nimekua naona ufunguo wa mama umefungwa kwenye pindo la kanga, analima nao alizeti, anaenda nao kanisani. Hapo ndipo nilipopata wazo: kufunga taarifa za kompyuta vilevile, zisifunguke mpaka watu watatu wakubaliane. Nilikaa na wale mama wiki nyingi, tunapeta mtama, tunaongea Kinyiramba. Nikaandika andiko, nikampa Dokta alisome.

Lilipotoka kwenye jarida la nje, jina lilikuwa lake peke yake. Mimi nimo chini kabisa kwenye shukrani, pamoja na dereva wa chuo! Nilipomuuliza akasema, "Binti yangu, kwenye usomi tunaanza kwa kubeba begi." Nikanyamaza. Jamani, nilinyamaza, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wasomi wa nchi nisizozijua wanalinukuu andiko langu, na kila mahali jina ni lake.

Sasa anaomba uprofesa. Mtu mmoja kwenye kamati kauliza wazo lile lilitoka wapi. Basi Dokta kaniletea barua niisaini, kwamba wazo ni lake, mimi nilikusanya majibu tu. "Usiposaini," kasema huku anatabasamu, "sijui nani ataipitisha tasnifu yako." Miaka mitano ya kusoma hiyo!

Haikumtosha, akampigia mama simu. Akamwamkia shikamoo, akamsifu kwa malezi mema. Nilipofika nyumbani Jumamosi, mama akaanza: "Mwanangu, saini. Aliyekufundisha hushindani naye."

Nilichemka. Nikamwambia, "Mama, unajua Dokta alijibu nini siku alipolieleza lile andiko mbele ya wageni, wakamuuliza funguo wanashika nani? Nilikuwemo ukumbini, nimekaa nyuma. Alisema zote tatu anazo mwenyekiti."

Mama akaacha kuchambua mboga. "Zote tatu?"

"Zote."

"Kwa mtu mmoja? Sasa kufuli tatu za nini? Si wangeweka moja!" Akacheka mpaka akafuta machozi, halafu akakasirika kuliko mimi. "Huyo anauza ng'ombe asiyemjua hata rangi. Usisaini kitu."

Sasa wenzangu, msiniambie nisamehe, wala mwenye nguvu mpishe. Nimempisha vya kutosha. Barua sisaini, na wakitaka kuikalia tasnifu yangu waikalie. Nimeiandikia kamati, wamekubali kunisikiliza Alhamisi, na nimeruhusiwa kuingia na shahidi mmoja. Rafiki yangu ambaye ni mhadhiri yuko tayari kuingia, anakijua Kiingereza cha vikao. Anasema nikimpeleka mama aliyeishia darasa la nne watamcheka, na mimi nitaaibika.

Niaibike kwa mama yangu? Lakini kweli, yakiharibika siku hiyo, basi yameharibika moja kwa moja. Ninyi mngeingia na nani mle ndani? Semeni haraka, maana mama hasubiri majibu yenu. Ameshafua kanga, kafunga ufunguo wake pindoni, na asubuhi hii kaulizia basi.