Sendofu ya Rose Ndani ya Kompyuta Iliyogoma

Pale Butimba, kwenye barabara inayoshuka kwenda ziwani, kuna nyumba ambayo chumba chake cha mbele ni studio ya Mwaija. Ukimkuta kwenye shughuli utamjua mara moja: mama mnene aliyevaa gauni la sherehe na raba miguuni, kamera begani, anarudi kinyumenyume mbele ya maharusi na hajawahi kumkanyaga mtu. Kupiga video alijifunza kwa kumshikia mjomba wake taa. Kompyuta alijifunza kwa kuikosea mpaka wakazoeana.

Anaishi na mama mkwe wake, Bibi Bushra, na huyu bibi ni mfumaji wa vitambaa. Nyumba yao nzima imevishwa. Makochi yana vitambaa, redio ina chake, hata jagi la maji lina kofia yake. Kompyuta ya mezani ilipoletwa, bibi aliitazama ikiwa uchi pale juu ya meza akasema hapana, wageni watatuonaje. Akalifumia lile kasha lake kitambaa cheupe chenye maua ya kijani, kikashuka mpaka ubavuni, na kwenye pindo akatia vishada virefu. Mwaija angemwambia nini? Mkwe amekufumia kitu kwa mkono wake, unakiacha kilipo na unashukuru.

Basi ikafika sendofu ya Rose, ile sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi. Baba yake Rose ni Shimba, wa Nyakato, na Shimba huyu alikuwa hasemezani na kaka yake Maige kwa miaka mingi, kisa shamba la baba yao. Sherehe ikiwa imepamba moto, Maige akainuka kwenye meza ya nyuma bila kuitwa na emsii, akapita katikati ya ukumbi, akaenda kumshika mdogo wake mkono. Watu wote waliona, isipokuwa Sabina, mama wa binti mwenyewe. Sabina wakati huo alikuwa nyuma ya ukumbi anagombana na wapishi, wali haujaiva.

Mwaija alikuwa ameipata picha hiyo vizuri. Akaihamishia kwenye kompyuta, na kwa kuwa alikuwa na harusi nyingine mbele yake, akafuta memori kadi zake akazitumia tena. Hapo ndipo ilipobaki: ndani ya ile kompyuta, na si mahali pengine popote duniani.

Asubuhi ambayo Sabina alikuja kuangalia, kompyuta iligoma. Ukibonyeza inawaka, maandishi ya kwanza yanatokea kwenye kioo, halafu pu, inazima. Ukibonyeza tena, inazima mapema zaidi.

"Umeme huo," akasema Sabina, ambaye hata kuketi alikuwa hajaketi.

"Labda, Mama Rose." Mwaija akachomoa waya kwenye ekstensheni, akauchomeka moja kwa moja ukutani. Ikawaka, ikazima. Akabadilisha waya wenyewe. Ikazima vilevile.

"Mama, mimi keki niliiona," Sabina akasema taratibu. "Magauni niliyaona. Sikuja kwa ajili ya keki."

"Najua ulichokuja kukiona."

"Kila mtu ananisimulia. Mpaka wale wapishi walikimbia kwenda kuchungulia, wakaniachia mwiko. Mimi peke yangu ndiye ninayesimuliwa habari za mume wangu."

Mwaija akaiacha mashine ipumzike, wakanywa chai ambayo Sabina hakuimaliza. Alipoiwasha tena ilikaa muda mrefu kidogo kabla ya kuzima, na hilo likamfikirisha. Ikipoa inajitahidi, ikipata moto inakata tamaa. Akavuta kitambaa cha bibi pembeni, akaweka sikio kwenye ubavu wa kasha akaiwasha. Sauti ya feni aliyoizoea haikuwepo, kulikuwa na kitu kinagugumia tu, kama mtu anayetaka kukohoa.

"Imekabwa," akasema.

Akachomoa umeme, akaleta bisibisi, akafungua ubavu. Ndani, feni ndogo inayopoza ubongo wa mashine ilikuwa imefungwa kabisa. Kulikuwa na wadudu wa ziwani, wale wadogo wanaopanda juu ya maji kama moshi na kuvamia taa za watu, wamekauka humo kwa mamia. Na katikati yao, nyuzi. Nyuzi nyeupe, zimejizungusha kwenye mhimili wa feni kama zimesokotwa makusudi.

Bibi Bushra akawa amefika mlangoni na ushanga wake wa tasbihi. Sabina akamwamkia, "Shikamoo bibi," bibi akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye kasha.

"Mmeona nini humo?"

"Wadudu tu, mama," Mwaija akasema haraka. "Wadudu na vinyuzi."

"Vinyuzi gani?" Bibi akasogea, akainama. Akakaa ameinama muda mrefu kuliko walivyotaka. "Huu uzi ni wangu."

Sabina akaangalia dari.

"Vishada vimevutwa na upepo wa feni, mama. Si kosa la mtu. Ngoja nizikate hizo nyuzi kwa wembe."

"Ukikata utabaki na vipande, utavitafuta mpaka uzeeke. Sogea huko." Bibi akachomoa sindano yake ya kufumia kwenye kilemba. "Uzi nimeutia mimi, na mwisho wake nitauona mimi. Wewe kazi yako kufagia wadudu."

Hivyo ndivyo walivyofanya: mkwe anavuta uzi mmoja mmoja kwa ncha ya sindano, Mwaija anafagia kwa brashi ya rangi, Sabina anamulika kwa tochi ya simu, mwanga unarukaruka.

"Mulika mahali pamoja, mwanangu," bibi akamwambia. "Unaniwashia disko."

Sabina akacheka, mara ya kwanza tangu aingie.

Uzi wa mwisho ulipotoka, bibi alisukuma feni kwa kidole, ikazunguka yenyewe. Akakitwaa kile kitambaa, akakikunja. "Hiki kitaenda kwenye televisheni. Yenyewe haina pua."

Mwaija akachomeka umeme, akabonyeza. Feni ikavuma. Maandishi yakaja, yakapita, na kioo kikafunguka chote, mafaili yamejipanga kama alivyoyaacha. Akashusha pumzi iliyosikika mpaka barabarani. Kabla ya lolote akachomeka eksteno, ile diski ya nje ya kuhifadhia, akaanza kunakili, ndipo akamfungulia Sabina.

Maige akaonekana anainuka. Akapita katikati ya meza, koti limembana. Shimba akasimama ghafla mpaka kiti chake kikaanguka, na ndugu wawili wakashikana mikono, halafu mabega, halafu hukuweza kujua kichwa hiki ni cha nani.

"Kiti kilianguka," Sabina akasema kwa sauti ndogo. "Hakuna aliyeniambia."

Wakatazama. Mzee mzima Shimba alikuwa anajifuta uso kwa kitambaa cha mezani.

"Aliniapia hakulia."

"Wanaume hao," akasema Bibi Bushra.

Sabina akavuta kiti, akaketi, akavua viatu. "Rudisha, mama," akasema. "Rudisha pale anapoinuka."