Mshubiri wa Baba

Mama alipovuka mpaka kwenda Isebania kumuuguza dada yake, aliniachia nyumba ya Turwa, kuku sita na mshubiri wa marehemu baba. Baba aliuleta kutoka Robanda miaka aliyokuwa akipika kwenye kambi ya watalii, ukiwa mdogo kama kidole gumba. Tangu afariki, mama huufuta vumbi kwa kanga yake mwenyewe.

Ulikuwa umebanwa kwenye sufuria kuukuu iliyotoboka. Nikasema moyoni, ngoja nimfurahishe mama. Nikanunua Sirari chungu cha plastiki kinachong'aa, nikajaza udongo mweusi wa bondeni na samadi, nikauhamisha. Kila asubuhi niliumwagilia.

Wiki ya tatu majani yakawa ya njano, yakalegea. Nilipoligusa moja, likabaki mkononi, na chini kukatoka harufu ya uozo. Nilikaa kizingitini nikiwa nimekishika kile chungu. Hapo ndipo nilipoona hakina hata tundu moja.

Niliubeba mpaka kwa mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ehe, huu umeuzamisha," alisema kabla sijajieleza. Akaung'oa, akakata shina kwa kisu mpaka uozo wote ukaisha. Kilichobaki kilikuwa kichwa kitupu, bila mzizi hata mmoja. "Kaulaze kivulini siku nne, kidonda kikauke. Halafu panda kwenye mchanga wa mtoni wenye changarawe, kopo liwe na matundu. Maji uyasahau kabisa."

Nilifanya hivyo. Kusahau maji ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Mara mbili nilishika kopo la maji nikalirudisha.

Mama alirudi kabla sijamtarajia. Nilimkuta ameinama kibarazani, begi bado begani, akiangalia kile kichwa kwenye kopo.

"Mama, nimeuharibu," nilisema. Nikamweleza yote.

Aliushika mshubiri kwa vidole viwili, akauvuta taratibu. Haukung'oka.

"Umeshika," alisema. "Una mizizi."

Mama akaanza kucheka.

"Na huu wala si ule wa kwanza. Ule wa kwanza baba yako aliuozesha mwezi uleule alipouleta, akiwa likizoni. Maji asubuhi, maji jioni! Akaenda Robanda kimya kimya akaomba mwingine, akaupanda palepale. Mpaka anakufa alidhani sijui."

"Hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Alikuwa anauangalia kwa hofu kama wewe."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, mzigo wa wiki hizo zote ukashuka. Ndipo nikakumbuka kwamba begi lake sijalipokea, na hata shikamoo sijampa.