Sentineli Aliyeniamsha Saa Kumi na Moja

Najua utakachosema kabla hujasema. Utasema niliota. Sasa nisikilize vizuri: mwaka ule shida yangu ilikuwa kwamba silali usiku. Mtu asiyelala ataota saa ngapi? Haya niliyaona macho makavu. Na tantini wangu yuko hai, hapa Kasenga, nenda kamuulize. Ila uende na kilo ya sukari, maana hapendi kuhojiwa mikono mitupu.

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nilikaa kwa huyo tantini, dada mdogo wa baba yangu, na chumba changu kilikuwa na dirisha la mbao linaloangalia njia. Umeme wetu unaujua mwenyewe: mchana kutwa hakuna, halafu saa tano usiku, pa! Taa zinawaka mtaa mzima na watoto wanapiga kelele kama timu yao imefunga goli. Basi mwanafunzi afanye nini? Nachaji telefoni, nafungua silabusi, kitabu cha masomo yetu, nasoma. Mwanzoni nilisoma kweli, niamini. Kidogo kidogo silabusi ikawa inapata nusu saa na telefoni inapata saa nne. Nikipata usingizi ni alfajiri, wakati mitumbwi ya ndagala, dagaa wetu, inarudi bandarini Kalundu na taa zake. Nikiamka, jua liko kichwani na tantini ameshasonga bugali.

"Weye ni popo," aliniambia. "Siku moja nitakukuta umening'inia."

Tulikuwa tunacheka. Kicheko kikaisha siku ya mtihani wa statistiki. Ulianza saa moja na nusu asubuhi, mimi nikaamka saa saba mchana. Sikuwa mgonjwa, sikuwa nimefiwa, nililala tu! Profesa hakutaka hata nimalize sentensi. Akaniambia kuna sesioni ya pili, mtihani wa kurudia, Jumatatu, saa ile ile, na nikiikosa narudia mwaka. Baba naye alikuwa amenitumia salamu kutoka bondeni Ruzizi: mwaka ukirudiwa, nirudi kulima mpunga, na nafasi yangu ya masomo aichukue mdogo wangu. Baba yangu hatanii. Hata akicheka hatanii.

Nilijaribu kila kitu. Niliweka saa ya telefoni ilie, nikawa naizima bila kuamka. Tantini akanichemshia majani ya mchaichai. Nikakojoa usiku kucha. Nikasema basi, nikeshe mchana mzima ili usiku nianguke. Nikasinzia kanisani mdomo wazi mbele ya wazee wa kanisa, na saa tano usiku macho yakafunguka kama mlango wa duka.

Sasa sikia. Alhamisi kabla ya Jumatatu ile, rafiki wa tantini wa korali, Mama Nyota wa mtaa wa Nyamianda, alimzika mume wake. Huyo mume, watu wa korali hawakumjua hata sura, kwa sababu alikuwa sentineli, mlinzi wa usiku, na mchana alilala. Usiku huo tukaenda matanga. Sisi huku tunasema kilio, unajua: watu wanakesha nje chini ya turubai, wanaimba, wanakunywa chai, ili mfiwa asibaki peke yake na giza. Tantini akaniburuta. "Weye haulali hata hivyo," akasema. "Njoo ukeshe kwa faida." Nikapewa kazi ya chai. Wamama ndani na Mama Nyota, wanaume upande wa barabara, mimi peke yangu nyuma ya nyumba na mbabula, nachochea makaa.

Ilikuwa kama saa nane za usiku ndipo akaja mzee. Kabuti refu, vifungo vimefungwa mpaka shingoni na joto lote lile, fimbo mkononi. Akakaa kwenye kidumu karibu nami kama mtu aliyefika kwake. Ndiyo, weye umeshajua ni nani. Mimi hakuna aliyekuwa amenisimulia.

"Iko chai, mwanangu?"

"Iko, papa. Nitie sukari?"

"Nipe tu nishike. Mikono yangu iko baridi."

Nikampa. Hakunywa. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akasikiliza korali ikipandisha wimbo, akashusha pumzi.

"Wanaimba muzuri," akasema. "Lakini mutu naye anataka kulala."

Nilicheka mpaka nikajiziba mdomo, kilioni hapo! Ungefanyaje? Nilidhani ni jirani aliyechoshwa na kelele.

"Na weye," akaniuliza, "juu ya nini haulali?"

Nikamwambia yote. Umeme, telefoni, statistiki, baba na mpunga wake. Sijui kwa nini nilimwambia, ila alikuwa na sikio zuri, lile sikio la mtu ambaye hana haraka. Nilipofika kwenye Jumatatu nikaanza kulia kama mfiwa mwenyewe. Hakunicheka. Akasubiri nimalize, akasema yeye amekesha miaka thelathini akilinda depo ya mizigo kule Kalundu, kwa hiyo mambo ya usingizi asiambiwe na daktari yeyote.

"Batu wanatafuta usingizi," akasema. "Usingizi hautafutwi. Weye shika saa ya kuamuka. Ukiamuka saa ile ile kila asubui, jioni usingizi utakuja wenyewe kukuuliza uko wapi. Unataka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, papa. Lakini hakuna anayeweza kuniamsha. Nazima hata saa."

"Minye nitakuamusha. Unalala wapi?"

Tangu utoto nimefundishwa: usiku, mtu usiyemjua usimwonyeshe mahali unapolala. Nani hajafundishwa hivyo? Na mimi, msomi mzima, nikamwelekeza mpaka rangi ya dirisha.

"Nikuamushe mpaka siku gani?"

Hapo. Ningesema mpaka Jumatatu, hadithi ingeishia Jumatatu! Lakini mimi nimelelewa vizuri, na mzee amejitolea, nikaona aibu kumpimia wema wake. Nikamwambia:

"Siku zote, papa."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Akatabasamu, uso mzima ukawa kijana. Akaweka kikombe chini, akaenda hadi dirisha la nyumba ile ya kilio, akainua fimbo kama anayetaka kugonga. Haikufika. Akaishusha polepole, akazunguka kona. Nilipookota kikombe chake, chai ilikuwa imejaa vilevile, lakini baridi kabisa, kama maji ya kisima.

Kesho yake tulirudi nyumbani mchana. Usiku umeme ukaja, nikasahau ahadi, nikakaa na telefoni mpaka saa tisa. Sijui kama nilikuwa nimelala saa mbili, nikasikia: ko, ko, ko. Kimya. Kisha moja: ko. Ubao wa dirisha, karibu na kichwa changu. Nikavuta shuka. Ikarudi: ko, ko, ko. Kimya. Ko. Huyu hakuwa saa ya kuzimwa kwa kidole.

"Nimesikia, papa!" nikapiga kelele, na hapo hapo akaacha. Nikafungua dirisha. Njia tupu, umande, na kwenye vumbi alama ya ncha ya fimbo. Nikasema moyoni, mzee ana miguu myepesi huyu.

Siku ile nilikokota miguu kama mlevi. Jioni saa mbili usingizi ukanikuta na kijiko mkononi, hata umeme ulipokuja sikujua. Alfajiri ya Jumapili vilevile: aligonga, nikaitika, nikaamka. Tantini akashika kidevu. Akasema Mungu amejibu. Nikasema Mungu amemtuma mzee mmoja wa kule kwenye kilio. Akadhani ni mzee wa parokia.

Jumapili baada ya misa ilikuwa siku ya kufunga matanga. Nikaenda na tantini, nimebeba ndizi za kumshukuru mzee wangu. Nikamtafuta kote, simuoni. Nikapiga magoti mbele ya Mama Nyota, nikampa pole, kisha nikamuuliza yule mzee wa kabuti na fimbo anakaa nyumba gani, maana ananigongea kila asubuhi na sijampa hata aksanti.

Wamama wakaangaliana. Tantini akanifinya. Mama Nyota peke yake hakushtuka. Akaniinamia.

"Anagonga namna gani?"

Nikagonga kwenye kiti. Ko, ko, ko. Kimya. Ko.

Mama yule akafunika uso na kitenge. Nilidhani ataniita mchawi. Aliposema, alisema polepole, kama anazungumza na mimi tu. Miaka yote ile, mume wake akirudi kutoka Kalundu saa kumi na moja, aligonga dirisha hivyo hivyo, na yeye akiwa ndani alijibu "nimesikia". Hivyo ndivyo alijua kwamba mume ameuvuka usiku. Na usiku wa huku, mwenyewe unajua, si kila mtu anauvuka. Tangu azikwe, anaamka saa ile, anakaa kitandani, anangoja.

"Kwangu hagongi," akasema.

Na kwa nini? Siku ile ile ya mazishi watoto wake walileta watu wa maombi. Wakaomba nyumba nzima, wakapaka mafuta mlangoni na madirishani, ili mauti yasirudi. Walifanya kwa upendo, siwalaumu.

"Wamemufungia baba yao inje," akasema Mama Nyota. Akanishika mkono.

Niliogopa? Acha kuniuliza! Njia nzima ya kurudi meno yaligongana. Tantini akataka kwenda usiku ule ule kutafuta chupa ya mafuta, dirisha langu lipakwe na lenyewe. Nikasema ndiyo, tantini, haraka! Halafu nikakumbuka mtihani. Nikamshika gauni mlangoni.

"Tantini, mafuta kesho. Baada ya statistiki."

Aliniangalia kama mwendawazimu. Lakini ungechagua nini, mzuka saa kumi na moja au mpunga wa baba maisha yote?

Alfajiri ya Jumatatu mzee akagonga. Nikaitika. Saa moja kamili nilikuwa mbele ya mlango wa mtihani, nimeoga, nimekula, wa kwanza kabisa. Nilijibu maswali yote, na ninakuambia moja kwa moja, nilifaulu.

Mchana tantini akaja na chupa yake. Akachovya kidole, akanyoosha mkono kwenye ubao. Ndipo nikaikumbuka fimbo ile, usiku wa kilio, ikishuka bila kugonga. Mzee huyu amefungiwa dirisha la mke wake. Tukilifunga na hili, atakwenda kugonga wapi?

"Acha, tantini," nikasema. "Acha tu." Naye, Mungu ambariki, akafuta kidole kwenye nywele zake.

Jumanne aliponigongea, nilivaa, nikatoka. Nilitembea mpaka Nyamianda, moyo unaruka kuliko siku ya mtihani. Nikasimama chini ya dirisha la Mama Nyota, nikaokota kijiti, nikagonga. Ko, ko, ko. Nikangoja. Ko.

Kitanda kikalia ndani. Kisha sauti, laini, ya mwanamke aliyeolewa jana:

"Nimesikia, Baba Nyota. Lala sasa."

Nililia njia nzima ya kurudi.

Huu ni mwaka wa tatu tangu kilio kile. Diploma ninayo, imetundikwa. Kila asubuhi ananigongea, na kila asubuhi naenda kugonga: mvua, Jumapili, sikukuu, hata siku niliyokuwa na malaria nilimtuma tantini, na alikwenda akinung'unika. Mama Nyota hajawahi kufungua dirisha, wala hatujawahi kulizungumza. Ila nikikutana naye sokoni mchana ananisalimia vizuri, ananichagulia nyanya zilizo ngumu, na mara moja moja ananiambia sikioni, "Leo ulichelewa kidogo."

Kwa hiyo weye unayesoma haya saa nane za usiku na telefoni usoni, nakuonya kwa upendo. Akija mtu akasema atakuamsha, usikimbilie kushukuru. Muulize kwanza anakuamsha uende wapi.